Kauka Nikuvae

Tulikuwa watatu na fulana tatu,
moja moja, za njano, nembo kifuani,
zilizochapwa Mbeya mjini kwa mkopo wa Tumpe.
Kampuni tuliipa jina Kauka:
sanduku la mbao za msindano, feni ya kompyuta mbovu,
mkaa kidogo chini, trei sita za wavu.
Unapanga ndizi mbichi asubuhi, kesho yake unasaga unga.
Katumba yote hakuna jua la kutegemea.
Ndiyo maana tulilitengeneza,
na ndiyo maana tulipaswa kujua mapema.

Muswada niliuandika mimi, kurasa nne.
"Suluhisho bunifu kwa changamoto za mkulima."
Gwakisa aliusoma akitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.
Nembo ingezunguka sekunde kumi na mbili
kabla ya kiumbe yeyote kusema neno.
Mlima Rungwe ungesimama nyuma, wazi, wa buluu.

Mlima haukusimama.
Ukungu uliumeza, ukaja mpaka migomba ya jirani,
tukawa kama tunarekodi ndani ya kikombe cha maziwa.
Saa nne mvua ikashuka juu ya bati
na nikajifunza, visikilizi masikioni,
kwamba simu husikia bati kwanza, binadamu baadaye.
Bi Subilaga, mteja wetu wa kwanza na wa pekee,
aliirudia sentensi yangu mara tisa.
"Suluhisho bu... bu nini, mwanangu?"
Mara ya tisa aliitamka sawasawa
na uso wake ukawa uso wa kitambulisho.
Nilisema, safi.
Haikuwa safi. Nilikuwa nimemvua maneno yake
nikamvika yangu, nayo yalimbana kwapani.

Siku ya pili tuliamka na fulana mbichi.
Tulizifua usiku kwa sababu ya matope,
na Tukuyu haina mkataba na kamba ya nguo.
Tumpe hakuuliza mtu. Alichomoa trei zote,
akaning'iniza fulana sandukuni, akapuliza mkaa.
Tukangoja: mimi na Gwakisa tumejitanda magunia ya viazi,
Tumpe amezama ndani ya koti la babaye.

Bi Subilaga akatokea na chai, akatuona,
akaweka birika chini apate kucheka vizuri.
"Kumbe ndilo jina lenyewe! Kauka nikuvae!"
Akafungua mlango wa sanduku bila kuagizwa,
akapapasa pindo la fulana, akaliweka shavuni.
"Eh. Inakauka kweli. Na mvua hii hii?
Mwaka jana nilitupa maharage madebe manne,
yaliota kabla sijayauza.
Ningekuwa na hili..."
Hakumalizia. Aliitazama mvua
kama unavyomtazama mtu mwenye deni lako.

Simu ilikuwa juu ya ndoo, imeegemea kopo la misumari.
Niliiwasha kujaribu mwanga, nikaisahau.
Picha imepinda. Kidole changu kinapita mwanzoni.
Robo ya juu ni bati tupu,
na mvua inasikika yote, haikupunguzwa,
safari hii hatukutaka ipungue.

Kurasa nne ziliwasha mkaa siku ya tatu.
Gwakisa aliitetea nembo yake, tukagombana mpaka taa ikaisha chaji.
Ikabaki sekunde moja, mwishoni, haizunguki.
Bado ananuna nikiitaja.

Wiki ya kwanza walitazama watu hamsini na wawili,
thelathini wakiwa ukoo wa Tumpe.
Fedha hazikuja. Ilikuja simu moja,
kutoka Makete, sauti ya mzee mwenye kikohozi.
Hakuuliza bei. Hakuuliza sisi ni nani.
"Yule mama," alisema,
"maharage yake ya mwaka huu yamepona?"

Nilimwambia asikate,
nikatoka mvuani kwenda kumwuliza.